Kuvuna Mahindi Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo Kamili, Kutoka Bua Mpaka Gunia

Kila mwaka ikifika Juni, simu zinaanza. Kaka yuko Dar es Salaam, dada yuko Mbeya, kila mmoja ana ekari yake huku kijijini, na swali lao ni moja: "Yameshakauka?" Swali hilo ni dogo mno kwa kazi iliyopo. Mahindi hukaushwa mara tatu: yakiwa kwenye bua, yakiwa kwenye gunzi, na yakiwa punje. Anayeruka mojawapo ndiye anayefungua gunia Desemba akapokewa na joto na harufu ya uvundo. Nimewahi kuwa huyo, mwaka ule niliojaza magunia harakaharaka ili niwahi harusi mjini. Magunia manne kati ya kumi na moja nilikwenda kuyafukia shimoni.

Mwongozo huu ni wa kwetu, vijiji vilivyo kati ya Makambako na Njombe, ambako mahindi yanayopandwa Novemba na Desemba huvunwa Juni hadi Agosti. Huo ndio msimu wa baridi. Umande ni mzito, na siku nyingine ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Mwenzetu wa sehemu za joto anaweza kuanika siku mbili akamaliza. Sisi jua letu ni kali kwa saa chache tu, na hesabu zote zinaanzia hapo. Ukiwa Mbinga, Mbozi au Mufindi, mengi utayakuta yaleyale. Ukiwa kwingine, badilisha miezi na ubaki na mpangilio.

Kabla hujavuna: ghala kwanza

Wengi husafisha ghala siku mahindi yanapofika mlangoni. Umeshachelewa. Fanya wiki mbili kabla. Toa mahindi yote ya mwaka jana, hata yale ya robo gunia yaliyosahaulika kwenye kona, kwa sababu humo ndimo wadudu wanamosubiri. Fagia kuta, dari na nyufa, choma takataka, ziba matundu ya panya. Magunia ya zamani yachovye kwenye maji ya moto yanayochemka, kisha yaanike juani mpaka yakauke kabisa. Usichanganye mazao mapya na ya zamani ghala moja hata kama yanaonekana mazima.

Hakikisha pia una turubai. Moja kubwa kwa kila ekari ndiyo kiasi changu, na bado kuna siku halitoshi. Kuazima turubai msimu huu ni sawa na kuazima jembe mvua ya kwanza: kila mtu analitumia.

Kujua kama yamekomaa

Majani kukauka si ushahidi. Ukame au ugonjwa hukausha majani hata kama punje bado ni laini. Menya hindi moja katikati ya shamba, si la pembeni, pukuchua punje chache za katikati ya gunzi, kisha chunguza kitako cha punje, pale iliposhikia. Ukikwangua kwa ukucha ukakuta doa jeusi, hindi limekomaa: halipokei tena chakula kutoka kwenye bua. Rudia sehemu tano au sita za shamba, hasa bondeni ambako huchelewa.

Lakini kukomaa si kukauka. Doa jeusi linapotokea, punje bado ina unyevu wa karibu asilimia 30 au zaidi. Sisi huyaacha yasimame wiki kadhaa, tukiangalia mahindi yakianza kuinamisha vichwa chini. Hindi lililoinama ni zuri: maganda yanakuwa kama mwavuli, na mvua ya kushtukiza haiingii kwenye gunzi. Lililosimama wima likiwa na ncha wazi linakunywa maji kama kikombe. Hayo uyavune mapema.

Wapo wanaoacha shamba mpaka Septemba kwa kuwa "linakauka lenyewe". Linakauka, ndiyo, huku mchwa wakiangusha mabua, panya wakila yaliyoanguka, na wezi wakijichagulia usiku. Kibaya zaidi, dumuzi huanza kuyashambulia yakiwa bado shambani. Huyu ndiye mdudu ambaye wengi Tanzania wanamwita Skania. Asili yake ni Amerika ya Kati. Hapa nchini alibainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akasambaa na magari ya nafaka. Ukimbeba kutoka shambani, umemkaribisha ghalani mwenyewe.

Watu wa kuvuna

Hapa ndipo ndugu zetu wa kilimo cha simu hukwama. Wanatuma hela ya vibarua Jumatatu wakitarajia kazi Jumanne, bila kujua kwamba kijiji kizima kinavuna wiki hiyohiyo na kila mwenye nguvu ameshaahidiwa.

Njia ya zamani ni mgowe. Unawaalika majirani, mnavuna shamba lako siku moja, wewe unatoa chakula na kinywaji: togwa kwa wengi, komoni (pombe ya nafaka) kwa wanaotaka, na kama ulanzi, pombe ya mianzi, haujaisha basi ni heri zaidi. Mgowe si kazi ya bure, na anayefikiri hivyo ataona mwaka unaofuata. Kila aliyekuja kwako anakudai siku. Akiita wake, unakwenda. Ukishindwa, unatuma mtu, si hela. Kama unaishi mjini na huwezi kurudisha siku, usiite mgowe. Ajiri.

Vibarua hulipwa kwa siku, kwa ngwe au kwa gunia. Mimi sipendi kulipa kwa gunia wakati wa kuvuna. Anayelipwa kwa gunia anakimbia, anaacha mahindi madogo kwenye mabua na anatupia mabovu na mazima pamoja. Ngwe ni nzuri: unapima eneo, mnakubaliana, na ngwe haihesabiki kuwa imekwisha mpaka umeipita mwenyewe ukiangalia kilichobaki. Malipo yawe siku hiyohiyo jioni. Mtu aliyevuna kwa baridi kutwa nzima hapaswi kuambiwa "njoo kesho".

Adabu nyingine ndogondogo ni hizi. Ukimkuta mzee njiani, simama, msalimie, "kamwene," subiri akujibu, ndipo useme shida yako. Usipite na mkokoteni wa mahindi mbele ya nyumba yenye msiba kana kwamba hakuna jambo. Siku ya mazishi kazi zinasimama, hata kama turubai lako liko wazi, kwa hiyo jirani akikuletea taarifa usiku, panga upya siku yako. Na baada ya kuvuna, waache watoto na bibi wa jirani waokote masalia. Hayo yaliyoanguka kwenye matuta hayatakutajirisha.

Watoto wa shule za msingi huwa nyumbani sehemu ya Juni kwa likizo, na kila nyumba huwategemea. Wape kazi ya umri wao: kumenya, kulinda kuku kwenye turubai, kupeleka maji. Kubeba gunia si kazi ya mtoto wa darasa la nne.

Siku ya kuvuna ilivyo

Saa kumi na moja alfajiri moto unawashwa. Uji unapikwa wa kutosha, kwa sababu chakula kingine kitafika shambani saa saba. Hapo wageni hutaka kukimbilia shamba gizani. Tulia. Maganda yakiwa na umande na wewe ukayarundika, umerundika maji. Saa za kwanza tumia kukata njia ya mkokoteni, kutandika turubai, kunoa vigongo vya kumenyea. Umande ukianza kupanda, mnaanza.

Vaa mikono mirefu; majani makavu ya mahindi hukata ngozi kama wembe na jasho likiingia utajuta. Vaa viatu vilivyofunika mguu. Chini ya mabua yaliyolala kuna panya, na penye panya kuna nyoka.

Kwetu kuna namna mbili. Ya kwanza ni kuvunja hindi na maganda yake, kubeba nyumbani na kumenya baadaye kivulini. Ya pili ni kumenya likiwa bado kwenye bua kwa kigongo kidogo chenye ncha, ukiacha maganda shambani. Ya kwanza inafaa kama una usafiri na unataka maganda kwa ng'ombe. Ya pili hupunguza mzigo sana, na faida yake kubwa ni kwamba unaliona kila hindi: bovu unalijua papo hapo. Mimi ni wa namna ya pili. Wazee wengi wa hapa ni wa ya kwanza, wakisema hindi lenye ganda husafiri bila kuumia, na kwa mkokoteni wa njia zetu hawajakosea.

Namna yoyote, tenga mafungu mawili tangu mwanzo. Fungu la mazima. Fungu la yaliyooza ncha, yaliyotobolewa, yaliyolala chini. Usiseme utachagua nyumbani. Nyumbani kutakuwa na giza na watu wamechoka.

Chakula cha shambani ni makande mara nyingi, mahindi na maharage yaliyochemka tangu jana usiku, au viazi na boga lililoota lenyewe kati ya mistari. Atakayepika asihesabiwe kuwa hakufanya kazi. Nimeona mabishano ya malipo yakianzia hapo, na mpishi alikuwa na haki.

Saa kumi jioni anza kukusanya. Kisichoondoka shambani leo kifunikwe, na kilindwe. Mkokoteni wa ng'ombe, guta au tela la trekta, chochote utakachokodi, kubaliana na mwenyewe siku tatu kabla; ukiita siku hiyo utalipa bei ya mwenye dhiki.

Kukausha yakiwa kwenye gunzi

Hatua hii inarukwa zaidi kuliko zote. Mahindi yametoka shambani na unyevu labda asilimia 20, nawe unaona mashine ya kupukuchua iko kwa jirani leo, unashawishika. Usifanye. Punje yenye maji ikipigwa na mashine hupasuka au husagika kitako, na punje iliyopasuka ni mlango uliofunguliwa kwa fukusi na ukungu.

Tengeneza kichanja: miti minne, jukwaa la fito lililoinuka usawa wa kiuno, lenye nafasi za kupitisha upepo, na juu paa la nyasi au bati. Kiwe chembamba, upana usiozidi mita moja na nusu, na upande mrefu ukabili upepo. Kichanja kinene kama chumba hukausha pembeni na kuozesha katikati. Miguu ya kichanja ifunge mikanda ya bati iliyopinda chini ili panya asipande. Wiki mbili mpaka nne zinatosha kwa baridi yetu. Wengine huweka juu ya dari la jiko, moshi ukiyapitia, nayo ni njia nzuri kwa mahindi machache ya kula.

Kupukuchua

Kuna wanaojaza magunzi kwenye gunia na kulipiga kwa fimbo. Ni haraka, ni bure, na ni kuharibu. Kwa gunia mbili tatu, pukuchua kwa mkono au kwa kile kipete cha chuma chenye meno. Jioni moja ya hadithi, familia inamaliza zaidi ya unavyodhani. Kwa gunia ishirini, ita mashine.

Mwenye mashine hulipwa kwa gunia, hivyo anataka mwendo mkali. Wewe simama upande wa pili, pale magunzi yanapotokea. Okota magunzi machache: ukikuta punje zimebaki au zinarushwa nje pamoja nayo, mwambie asimamishe arekebishe. Kisha chota punje kwenye mdomo wa mashine uhesabu zilizovunjika katika kiganja. Zikiwa nyingi, ama mwendo ni mkubwa, ama mahindi yako hayajakauka. Funga kitambaa puani. Vumbi lile hukohoza wiki nzima.

Magunzi usiyatupe. Ni kuni za miezi miwili.

Kuanika punje, na kipimo cha chumvi

Sasa unataka kushuka mpaka asilimia 13 au 13.5. Hapo ndipo ukungu unashindwa kukua na ndicho kiwango ambacho wanunuzi wakubwa, akiwemo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wanakidai. Tandaza kwenye turubai, kamwe si kwenye udongo mtupu na si kandokando ya lami. Unene uwe wa vidole viwili au vitatu vilivyolazwa. Geuza kila nusu saa kwa reki au kwa miguu mitupu, ukichora matuta madogo ambayo upepo unaweza kuyapitia.

Anza saa tatu au saa nne, ardhi ikishapata joto. Kusanya saa kumi. Siyo saa kumi na mbili. Jua likishainama huku kwetu, mahindi huanza kunywa unyevu wa hewa na unapoteza ulichopata mchana. Yakiwa bado ya moto, usiyafunike; yaache kwanza yapoe kidogo, la sivyo yatatoa jasho chini ya turubai. Mbuzi na kuku wafungwe. Tatizo si wanachokula, ni wanachoacha.

Utajuaje yamekauka? Kung'ata kwa jino ni njia ya zamani, na mtu mzoefu hakosei sana: punje kavu inavunjika kwa mlio, haibonyei. Lakini jaribu na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa. Chumvi ya kawaida ianike juani au ipashe kwenye sufuria mpaka iwe inachuruzika, iache ipoe. Jaza mahindi robo ya chupa, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja mbili, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi bado. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15.

Soma tena hiyo namba: 15, si 13.5. Watu wengi hupata chumvi kavu wakafunga magunia jioni ileile, kisha wanalaumu dawa. Chumvi ikikubali, ongeza siku moja au mbili za jua zuri. Kama AMCOS yenu, yaani chama cha ushirika cha wakulima, au afisa ugani wa kata ana kipima unyevu, peleka kiganja kutoka magunia matatu tofauti, na ya chini ya turubai yawemo.

Usishtuke uzito ukipungua. Mahindi ya kilo 100 yaliyokuwa na unyevu wa asilimia 20, yakifika 13.5, yanabaki kama kilo 92 na nusu. Zile saba na nusu zilikuwa maji.

Kuchambua, na habari ya sumukuvu

Pepeta kwa ungo, toa vumbi, vipande na punje zilizobadilika rangi. Hili si suala la urembo. Ukungu fulani, wa kijani au manjano, hutoa sumu inayoitwa sumukuvu, nayo huharibu ini. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui, iliua watu 125. Mwaka 2016 ikazuka Dodoma na Manyara na kuua watu. Kote huko chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani, ya kula kila siku. Ukame shambani huchangia, na kukausha vibaya hukamilisha.

Kuchemsha hakuiondoi. Kusaga hakuiondoi. Na punje inaweza kuwa nayo bila kuonekana, ndiyo maana ukaushaji ndio kinga, siyo macho peke yake.

Nitasema jambo ambalo halipendwi. Kwenye vijiji vyetu kuna desturi kwamba mahindi mazuri ni ya kuuza, ya wastani ni ya ugali, na mabovu ni ya komoni na ya kuku. Pombe haiui sumukuvu. Kuku na ng'ombe wa maziwa nao huathirika, na sumu hupita kwenye maziwa. Yaliyoota ukungu yafukie. Najua inauma, nimefukia magunia manne.

Hesabu ya kula, kabla mnunuzi hajafika

Hili fanyeni mume na mke mkiwa pamoja, ikiwezekana na bibi wa nyumba akiwepo, maana yeye ndiye anayejua debe huisha kwa siku ngapi. Debe la mahindi makavu ni kama kilo 18. Kwetu tuko sita, na debe hutuchukua siku tisa. Mwaka ni debe arobaini na moja, karibu gunia saba na nusu za kilo 100. Ongeza gunia moja la wageni na misiba, ongeza nusu ya mgowe wa mwakani. Tunafunga magunia tisa, tunayatia alama ya rangi, na hayo hayauzwi hata kwa ada ya shule.

Ya ada, mbolea na mbegu yanatoka kwenye yanayobaki. Mbegu ya chotara usiitoe ghalani kwako; ukipanda punje ya chotara uliyovuna, mavuno yanashuka na shamba linatoka mahindi ya kila urefu.

Kuhifadhi

Njia ninayoiamini sasa ni mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS ambayo hapa nchini wengi wanaiita kinga njaa. Ina mifuko miwili ya nailoni ndani na kiroba nje. Wadudu walioingia humaliza hewa na kufa, huhitaji dawa. Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani kiliibuni kwa ajili ya kunde huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaja kuonekana inafaa mahindi pia.

Kabla ya kujaza, puliza hewa kwenye kila nailoni, ibane mdomo na uibonyeze karibu na sikio. Ikitoa hewa, ina tundu. Jaza kidogokidogo ukitikisa, acha shingo ndefu ya kutosha kukunja. Nailoni ya ndani isokote, ikunje, ifunge kwa kamba. Ya pili vivyo hivyo. Kisha kiroba. Kila moja peke yake. Kufunga zote tatu kwa fundo moja ni kupoteza pesa. Vipande vya magunzi na mawe vimetoka kwenye kupepeta, sivyo? Vikibaki vitatoboa. Usifungue mpaka miezi miwili au mitatu ipite, na ukifungua mfuko mmoja, umalize ndipo ufungue mwingine.

Mfuko huu haukaushi mahindi. Ukiweka mabichi, yatavunda humo ndani bila hata kukupa harufu ya kukuonya.

Kwa magunia ya kawaida, tumia dawa ya unga ya nafaka kutoka duka la pembejeo linaloaminika, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na angalia tarehe ya mwisho. Inayofaa ni ile inayoua fukusi na dumuzi wote wawili. Changanya kwenye turubai kwa koleo kama unavyochanganya zege, si kwa kunyunyiza juu ya gunia lililojaa. Kuhusu vidonge vya kufukiza: vinatoa gesi ya fosfini inayoua watu. Usiviweke kamwe kwenye nyumba wanamolala watu, hata chumba cha pili.

Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita kuyazunguka. Yakague kila baada ya wiki mbili. Ukiona unga mwingi laini chini ya gunia, ni dumuzi, na huna muda.

Kuuza

Bei huwa chini kabisa Julai na Agosti, kila mtu akiwa na mahindi na kila mtu akiwa na deni. Kwa kawaida hupanda kuelekea Desemba na Januari. Kama una deni la lazima, uza ya deni tu.

Uza kwa mzani. Debe la mnunuzi wa njiani huwa limepigwa kitako likatuna, na kilele juu yake ni bure. Gunia la lumbesa la debe saba ni kilo 126, nawe unalipwa kama la kilo 100. Magunia kumi ya namna hiyo yanabeba kilo 260 zako bila malipo: zaidi ya magunia mawili na nusu. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo ndio wenye kazi hiyo, lakini mbele ya lori saa moja jioni sheria ni wewe. Ungana na majirani watano, kodisheni mzani mmoja, mwiteni mnunuzi kwenu. Kituo cha NFRA kikifunguliwa karibu, Makambako kwa sisi wa huku, peleka sampuli kwanza kabla ya kukodi gari. Kurudishwa na tani mbili kwa sababu ya unyevu ni safari chungu.

Hela zikipokelewa, zihesabiwe nyumbani, si kilabuni.

Shamba lililobaki

Mabua usiyachome. Upepo wa Agosti na Septemba hubeba moto mpaka kwenye misonobari ya watu, na kesi yake hutaimaliza kwa mavuno ya miaka mitatu. Ruhusu ng'ombe waingie wiki chache kwa makubaliano na mwenye ng'ombe, samadi yao ikiwa ndiyo malipo, kisha yalaze mabua yaliyobaki kwenye mistari kati ya matuta ya mwakani. Siku hiyohiyo pita na daftari uandike ni upande gani mahindi yalianguka, wapi mchwa walikuwa wengi, wapi yalichelewa kukomaa. Novemba utakapokuwa na mbegu mkononi hutakumbuka.

Na kaka akipiga simu Agosti kuuliza amepata magunia mangapi, mtajie kilo.